Alichosema Koko

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijakunja kona, Koko Wabiwa alikuwa ameshainama mbele ya mlango wao akifagia. Hakuna aliyemtuma. Nyumba zile za kupanga za Fort Worth zilikuwa na mfanyakazi wake, aliyepita na mashine ya kupuliza majani. Lakini Koko alisema mashine ile inahamisha uchafu tu, haiuondoi. Alijitengenezea ufagio wa vijiti, akajifunga kitenge kifuani, akafagia kuanzia kizingitini mpaka kwenye magurudumu ya gari la jirani.

"Koko, ingia ndani jamani," Aurore alinong'ona asubuhi hiyo, mkoba begani. "Basi linakuja."

"Na lije. Nimelizuia?"

"Watu wanakuona."

"Wanaona mtu anafagia. Kwani hapa kufagia ni wizi?"

Koko ndivyo watoto wa kwao Kongo wanavyowaita bibi zao. Aurore alikuwa na miaka kumi na miwili. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, akaletwa Texas akiwa mdogo, na msitu ambamo mama yake alikulia hakuwahi kuuona hata siku moja. Koko ndiye aliyetoka huko. Alikuwa amewasili mwaka uliopita, baada ya kusubiri ruhusa kwa muda mrefu mpaka mama yake Aurore, Marie-Goretti, akakaribia kukata tamaa. Kiingereza hakukijua. Popote alipokwenda, dukani, kanisani, kwa daktari, Aurore ndiye aliyekuwa mdomo wake.

Basi lilisimama. Madirishani vichwa vilijaa, na vyote vilimtazama Koko na ufagio wake. Aurore alipanda huku masikio yakimuwaka moto.

"Bibi yako anafagia nje?" aliuliza Jessica kutoka kiti cha nyuma. Jessica alikuwa yule msichana ambaye akicheka, wengine wote hucheka. "Halafu, ni kweli kwao msituni watu wanalala juu ya miti?"

Basi zima likaangua kicheko. Aurore aligeukia dirisha, akauma mdomo. Alimchukia Jessica. Lakini hasira ikikosa pa kwenda humwangukia aliye karibu, na kabla basi halijafika shuleni, hasira yake yote ilikuwa imemwangukia Koko.

Wiki hizo darasa lao lilikuwa likijifunza habari za misitu ya mvua. Walionyeshwa picha za vyura wekundu, kasuku na miti mirefu. Mtu hakuwemo hata mmoja. Mwalimu wao, Bi Theodora, aliposikia kwamba bibi yake Aurore aliishi ndani ya msitu kama ule, alifurahi sana.

"Mwambie aje atusimulie maisha ya huko," alisema. "Wewe utamtafsiria."

Aurore alitamani ardhi immeze. Lakini Bi Theodora alikwishampigia simu mama yake, na Marie-Goretti alifurahi kiasi cha kucheka peke yake jikoni. Tangu Koko afike Marekani, hakuna aliyewahi kumwomba aseme neno. Koko mwenyewe hakucheka. Alisema, "Vizuri. Nina jambo la kuwaambia watu wa hapa."

Siku ilipofika Koko alivaa kitenge chake cha kanisani, akafunga kilemba, akaketi mbele ya darasa mgongo ukiwa umenyooka. Wazazi wachache walikuwa wamekuja pia na kukaa nyuma. Mmoja wao alikuwa Nyaboke, mama yake Brandon wa darasa lao, muuguzi kutoka Kenya, aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini na sare zake za hospitali. Brandon hakujua Kiswahili, na Aurore hakuwahi kumsikia mama yake akizungumza lugha yoyote isipokuwa Kiingereza. Hakumfikiria hata kidogo.

"Kwetu ni Lubandu," Koko alianza. "Jua la kwetu halifiki chini. Linabaki juu ya majani, kama mgeni aliyekataa kuingia ndani. Mvua ikinyesha, unaisikia kwanza juu ya kichwa chako. Unaweza kumaliza kumenya muhogo kabla haijakufikia."

Aurore alitafsiri vizuri. Darasa lilisikiliza. Bi Theodora alitikisa kichwa kwa furaha.

"Chakula hatukukosa. Tulikula sombe, yaani majani ya muhogo, ndizi, samaki wa mtoni. Na viwavi, msimu wake ukifika. Viwavi ni vitamu kuliko nyama."

Aurore alipotaja viwavi, mtu mmoja aliguna kwa kinyaa. Damu ilimpanda Aurore usoni. Akaongeza haraka, kwa Kiingereza, maneno ambayo Koko hakuyasema: "Anasema vinacheza mdomoni wakati unavitafuna!"

Darasa likacheka. Jessica alipiga meza kwa kicheko, akamtazama Aurore kwa macho ya kirafiki, macho ambayo hakuwahi kumtazama nayo. Kicheko kile kilikuwa kitamu. Hawakuwa wakimcheka yeye.

"Shule yetu ilikuwa ya miti na majani," Koko aliendelea. "Paa lilivuja. Mvua ikinyesha, ubao ulijifuta wenyewe, na mwalimu akaanza upya."

"Anasema siku nyingine walikuta chui amekaa kwenye kiti cha mwalimu!" Aurore alitafsiri. Kicheko tena.

Koko alitazama nyuso zile, akashangaa kidogo, lakini akaendelea. Sasa alishusha sauti, na mikono yake ikashika magoti.

"Haya yote ni utangulizi. Nilichokuja kusema ni hiki. Lubandu haikuwa na zahanati. Hospitali ilikuwa safari ya kulala njiani. Lakini tulikuwa na kiwanja cha ndege. Tulikifyeka wenyewe kwa mapanga yetu, kwa sababu wenye machimbo walituahidi kwamba ndege italeta dawa na itabeba wagonjwa. Ndege ikaja. Ikabeba mawe. Mawe meusi ya machimboni, gunia juu ya gunia. Siku binti yangu Sifa aliposhikwa na uchungu wa uzazi na mtoto akakwama, tulimpeleka kwenye ndege hiyo. Mwenye mzigo akasema imejaa. Nikamwambia, shusha gunia moja. Akasema gunia moja ni hasara. Basi tukambeba kwa tipoyi, machela ya miti, wanaume mabegani, mimi nikimshika mkono. Tulipofika mtoni maji yalikuwa yamejaa, na daraja la kamba limechukuliwa. Tukamlaza ukingoni, tukamfunika kwa majani mapana. Hapo ndipo mwanangu alipofia, na mtoto wake tumboni. Tukiwa bado hapo, ndege ikapita juu yetu na mawe yake."

Akamgeukia mjukuu wake, akasubiri.

Alijua kwamba alikuwa na mama mkubwa aliyeitwa Sifa, aliyefariki zamani. Namna alivyofariki hakuwahi kuambiwa. Angeweza kusema alichosikia, au akanyamaza tu. Lakini darasa zima lilikuwa likimtazama, midomo ikiwa tayari kucheka, na mbele ya wote alikuwa Jessica.

"Anasema," Aurore alianza, na sauti yake ikatoka nyembamba, "siku moja walimbeba mama yangu mkubwa kwenye kiti, kama malkia. Wakafika kwenye daraja la kamba. Daraja likakatika, na wote wakatumbukia majini, chubwi!" Akapunga mikono kama mtu anayeogelea.

Darasa lilicheka mpaka wengine wakafuta machozi.

Koko alikuwa akiwatazama. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akamtazama Jessica aliyeshika tumbo.

"Wanacheka nini?" aliuliza.

"Wame... wamefurahi, Koko."

"Wamefurahi mwanangu kufa?"

Nyuma ya darasa kiti kilisukumwa kwa kishindo. Nyaboke alikuwa amesimama.

"Mwalimu, samahani," alisema kwa Kiingereza, na sauti yake ilitetemeka kwa hasira. "Mama huyu hakusema hayo. Hakusema hayo hata kidogo." Kisha akamgeukia Aurore kwa Kiswahili. "Wewe msichana! Hospitalini kwetu mtu akitafsiri hivyo, mgonjwa anazikwa. Huna haya?"

Kicheko kilikatika.

"Mama," Koko alimwambia Nyaboke polepole, "wewe unasikia lugha zote mbili. Mtoto huyu amesema nini?"

Nyaboke alisita. Ilikuwa dhahiri kwamba hakutaka kusema. Lakini Koko aliendelea kumtazama, na mwishowe akamwambia yote, kuanzia viwavi mpaka daraja.

Koko hakupiga kelele. Alisimama, akakaza kitenge chake, akamtazama Aurore kwa macho makavu.

"Malkia ulimtoa wapi?" aliuliza.

Koko akatoka nje, na Nyaboke akamfuata ili ampeleke nyumbani kwa gari lake.

Jioni, Marie-Goretti aliporudi kutoka hoteli ya mji jirani wa Euless alikokuwa akitandika vitanda kutwa nzima, alikuwa ameshapigiwa simu. Hakuvua hata viatu.

"Rudia mbele yangu," alisema. "Sema ulivyosema darasani."

"Mama, hamjui ninavyochekwa!" Aurore alilipuka. "Kila siku kwenye basi! Kwa ajili ya ufagio, kwa ajili ya kitenge, kwa ajili ya kila kitu! Hamjui!"

"Kwa hiyo ukaona uwape marehemu wamcheke badala yako?"

Aurore akaketi ukingoni mwa kiti.

"Nyuma ya ile tipoyi alikuwepo msichana mdogo aliyebeba sufuria," mama yake alisema. "Mdogo kuliko wewe. Alikuwa ni mimi. Nilikuambia tu kwamba dada yangu alifariki, kwa sababu kila nikianza kusema alivyofariki, hasira inanikaba. Mama yangu amevuka nusu ya dunia, amepata watu wa kumsikiliza kwa mara ya kwanza, na wewe umemgeuza kichekesho." Akageuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Aurore alikasirika. Alimkasirikia mama, na Nyaboke aliyejitia katika yasiyomhusu, na Koko aliyemletea aibu zote hizi. Nani mwingine katika nyumba hii aliyetafsiri bure kila siku? Watamhitaji tu, alijiambia. Watarudi wenyewe.

Jumamosi Aurore na Koko walikwenda kuchukua dawa za Koko za shinikizo la damu. Mfamasia alikuwa amebadilishiwa maagizo na daktari, na alitaka kueleza namna mpya ya kumeza vidonge. Kama kawaida alimtazama Aurore. Aurore alifungua mdomo.

Koko aliinua mkono. "Siyo huyu," alisema, akionyesha simu iliyokuwa juu ya meza. Alikwishaona wengine wakitafsiriwa kwa simu. "Mtafute mwingine. Kinywa hiki sikiamini tena."

Mfamasia hakuelewa maneno, ila alielewa mkono. Akapiga simu. Walisubiri muda mrefu, watu wakijipanga nyuma yao, mpaka sauti ya mwanamume asiyejulikana ikaanza kuzungumza Kiswahili. Koko aliinamia simu ile, akauliza maswali yake yote, akajibiwa. Aurore alisimama pembeni na mikono mitupu, kama mpita njia.

Hapo ndipo hasira yake ilipogeuka, ikamrudia mwenyewe. Kugombezwa alikuwa amezoea. Lakini bibi yake alikuwa tayari kumkabidhi mgeni maisha yake, mtu ambaye hata uso wake hakuuona, kuliko kumkabidhi yeye. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba Koko alikuwa na haki. Kama alibadilisha maneno ya kifo ili apate kicheko, angeshindwaje kubadilisha maneno ya kidonge?

Jumatatu alimwendea Bi Theodora kabla ya kipindi. Akasimama mbele ya darasa na kusema, "Niliwadanganya. Hakukuwa na chui. Hakukuwa na malkia. Mama yangu mkubwa alikuwa mjamzito na alikuwa anakufa, na bibi yangu alikuwa anawaeleza jinsi alivyokufa. Mimi ndiye niliyeweka vichekesho."

Alidhani watamhurumia. Hawakumhurumia. Jessica alisimama, uso umemwiva.

"Yaani umenifanya nimcheke mtu aliyekufa?" alisema. "Nilimtazama bibi yako machoni nikicheka! Atanionaje sasa? Hukunipa hata nafasi ya kuwa mtu mwema!"

"Na wewe unanicheka kila siku kwenye basi!" Aurore alijibu kwa ukali.

Jessica alitaka kusema neno, akalimeza. "Hilo ni kosa langu," alisema hatimaye, bado kwa hasira. "Hilo nitalibeba. Lakini hili lingine ni lako."

Bi Theodora hakuwatuliza. "Hata mimi nina langu," alisema. "Nimewafundisha msitu wiki zote hizi bila kuwaonyesha mtu hata mmoja. Aurore, darasa hili lina deni la kumsikiliza bibi yako. Kama atakubali kurudi."

Jioni hiyo Aurore alimkuta Koko jikoni akichambua sombe. Akapiga magoti karibu na kiti chake.

"Koko, nimewaambia wote kwamba nilidanganya."

Koko hakuinua macho. "Umewaambia kwa kinywa chako? Au kuna mtu kakusemea?"

"Kwa kinywa changu."

"Wakasemaje?"

"Wamekasirika. Sana."

"Vizuri," alisema Koko, na akavunja kikonyo cha jani. "Basi wana akili. Nitakwenda. Na wewe ndiye utakayetafsiri, lakini yule mama Mkenya akae karibu nawe. Ukikosea neno moja, aniambie."

Walirudi darasani. Safari hii Nyaboke alikaa mbele, bega kwa bega na Aurore. Koko alisimulia tena tangu mwanzo, na hakulainisha kitu. Alisema habari za kiwanja walichokifyeka wenyewe, ahadi waliyopewa, gunia lililokataliwa kushushwa. Aurore alitafsiri sentensi kwa sentensi. Alipofika ukingoni mwa mto sauti ilimkatika. Koko akangoja. Aurore akafuta uso, akamalizia, mpaka ndege iliyopita juu yao na mawe yake.

Hakuna aliyecheka. Jessica aliinua mkono. "Ile ndege bado inakwenda kule?"

"Nilipoondoka ilikuwa inakwenda," Koko alijibu. "Na zahanati ilikuwa bado haijajengwa. Ndiyo maana sikuja hapa mnionee huruma. Huruma haipandishi mgonjwa kwenye ndege. Nimekuja mkasirike pamoja nami, ili mkiwa wakubwa, mkishika kazi zenu, mjue kwamba ndani ya ile miti mnayoipenda kuna watu."

Aurore alitafsiri yote. Akadhani wamemaliza. Lakini Koko alikuwa hajamaliza. Alimwelekezea kidole.

"Sasa tafsiri na hili. Huyu mjukuu wangu aliwadanganya."

"Huyu mjukuu wangu aliwadanganya," Aurore alisema kwa Kiingereza, na kila neno lilimchoma.

"Aliona aibu kwa sababu yangu. Aibu si dhambi. Angeweza kunyamaza, angeweza kusema 'siwezi', na mimi nisingemlaumu. Lakini alichukua msiba wa mtu mwingine, akautumia kununua kicheko."

Aurore alitafsiri. Hakuruka neno.

"Anayesema kwa niaba ya asiyeweza kusema amebeba maisha ya mtu mdomoni. Akipunguza neno, ameiba. Akiongeza neno, ameiba. Mkweli si yule anayesema kweli inayompa sifa. Mkweli ni yule anayesema kweli hata ikimgeukia yeye mwenyewe, mbele za watu, kama huyu anavyofanya sasa."

Aurore alifika nusu ya sentensi ya mwisho kabla hajaelewa inamhusu nani. Akamtazama Nyaboke, na Nyaboke akamwambia taratibu, "Endelea. Nalo pia amelisema."

Basi Aurore akalisema.